Kukabidhiwa nyumba na mbwa watatu katika mashamba ya Granada

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninaishi Ujerumani kwa kibali cha ukaazi. Familia ninayoifahamu imeniomba niwatunzie nyumba yao ya shambani karibu na Órgiva, mkoani Granada, kusini mwa Hispania, kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Juni. Wana mbwa watatu: mmoja ni mkubwa sana, wa kulinda, wa pili ni wa kuwinda sungura, wa tatu ni mzee wa miaka 13. Sitalipwa, ila nitakaa bure. Nyumbani kwetu mbwa alikuwa wa uani, hakuingia ndani, na mimi ninaswali. Je, nikubali? Na nikikubali, nijiandae vipi?

Jibu: Dada yangu, kubali, lakini kwa sharti moja usilolilegeza hata ukiombwa vipi: ufike siku mbili au tatu kabla wenyeji wako hawajaondoka, na siku hizo mkae wote nyumba moja. Nimetibu wanyama kwa miaka 14, ile ya mwanzo Morogoro na iliyofuata katika vijiji vya Andalucía, jimbo la kusini mwa Hispania ulimo mkoa huo wa Granada, na wengi wa mbwa nilioletewa na waangalizi wenye machozi waliumia kwa jambo ambalo mwenye nyumba alilijua na hakulisema. Hakulificha. Alikuwa amelizoea mpaka halioni tena. Anajua kwamba lango la nyuma halishiki mpaka ulinyanyue kidogo, kwamba jirani huweka sumu ya panya ghalani, kwamba yule mbwa mzee hanywi maji usipolisogeza bakuli lilipo godoro lake. Yeye hufanya yote hayo bila kufikiri, na wewe huyajui hata moja.

Kwa hiyo usiridhike na kuzungushwa nyumba nzima kwa nusu saa huku unaelezwa. Asubuhi ya kwanza mfuate mwenyeji kama kivuli chake, tangu anapofungua mlango hadi anapozima taa, na uandike katika daftari. Siku ya pili wewe ndiwe ufanye kila kitu, naye akae kimya akitazama. Hapo ndipo utakaposikia, "Aa, nilisahau kukuambia." Kila "nilisahau" moja ni ajali iliyoepukwa. Chakula kiandikwe kwa gramu, si kwa vikombe. Dawa ziandikwe kwa jina, kipimo na saa, na saa hizo uziandike kwa namna uliyoizoea wewe, maana nimeona kidonge cha saa 2 usiku kikitolewa saa 8 usiku kwa sababu mmoja alihesabu Kizungu na mwingine Kiswahili.

Sasa nije kwa mbwa wenyewe, kwa kuwa hao watatu hawafanani hata kidogo.

Yule mkubwa, ikiwa ni mastín wa Kihispania kama ninavyodhani, anaweza kuzidi kilo 70, na uzao wake uliundwa kwa kulinda kondoo dhidi ya mbwa mwitu. Wachungaji walimvalisha kola yenye miiba ya chuma ili koo lake lisikamatwe. Huyu si mbwa wa kuamriwa amri nyingi. Huamua mwenyewe nani ni wa nyumbani na nani si wa nyumbani, na uamuzi huo huufanya akiwa na bwana wake karibu. Ndiyo maana zile siku mbili ni za lazima kwake kuliko kwa wengine. Ukifika, msalimie mwenyeji kwanza, uketi, usimkodolee mbwa macho, usimwinamie, wala usimnyooshee mkono kichwani. Mwache aje akunuse kwa wakati wake. Jioni mpe wewe chakula chake, mbele ya mwenyeji. Usiku atabweka, pengine kwa saa nzima, kwa sababu nguruwe mwitu hushuka kutoka mlimani kutafuta maji. Hiyo ni kazi yake, usimkaripie kwayo.

Kuna ugonjwa mmoja wa mbwa wenye kifua kipana ambao nataka uujue kabla hujajua kingine chochote, kwa sababu unahesabiwa kwa saa, si kwa siku. Tumbo hujaa gesi, kisha hujipinda lenyewe. Mbwa huhangaika, hatulii alipolala, hujaribu kutapika na hakitoki kitu isipokuwa povu, na ubavu huvimba ukawa mgumu kama ngoma. Ukiona hayo usisubiri kukuche, usimpe dawa yoyote ya nyumbani, mpigie daktari huku unafungua mlango wa gari. Ili kupunguza hatari hiyo, mgawie chakula chake mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na asikimbie kabla wala baada ya kula.

Wa pili, yule wa sungura, bila shaka ni podenco: masikio makubwa yaliyosimama, miguu mirefu, mwembamba. Ni mbwa mpole sana ndani ya nyumba, lakini akisikia sungura amejificha kichakani hasikii tena jina lake. Wenyeji watakuambia kwamba wao humwachia na hurudi. Hurudi kwao. Kwako wewe hana sababu bado ya kurudi, na hata wiki ya nne usimfungue kamba nje ya uzio. Ukuta wa mita moja na nusu haumshindi. Akipotea, piga simu kwa daktari wa wanyama wa eneo hilo na kwa polisi wa mji, ambao wataweza kusoma chipu iliyo chini ya ngozi yake. Kisha uache pale alipoonekana mara ya mwisho nguo uliyoivaa au blanketi analolalia, pamoja na maji, uende na kurudi alfajiri na jioni. Wengi hurejea pale pale walipopotelea. Kabla ya yote hakikisha kwamba namba ya simu iliyosajiliwa kwenye chipu inafanya kazi, na kwamba anayeipokea atakuwa macho wakati wewe uko macho.

Majira uliyopangiwa, Mei na Juni, yana hatari zake, nazo si zile ambazo wageni huziogopa. Wageni huniuliza juu ya nyoka na nge. Nyoka wenye sumu wapo, hasa yule mdogo wa jamii ya kifutu mwenye ncha ya pua iliyopinda juu, na mbwa aliyeumwa aletwe haraka bila kufungwa kamba wala kuchanjwa kwa wembe. Lakini kwa kila mbwa mmoja aliyeumwa na nyoka nimewaona kadhaa walioumizwa na majani makavu. Mvua za masika ya Ulaya zikishakatika, nyasi za kando ya njia hukauka, na masuke yake hukatika vipande vidogo vyenye ncha mbele na vinyweleo vilivyoelekea nyuma. Kipande hicho kikishaingia baina ya vidole vya mbwa, sikioni au puani, hakiwezi kurudi kilikotoka, huendelea mbele tu, hupenya ngozi na kutembea mwilini. Mbwa anayepiga chafya mfululizo mara tu baada ya matembezi, au anayetikisa kichwa akikiinamisha upande mmoja, au anayelamba wayo mmoja bila kukoma, ana suke mpaka ithibitike vinginevyo. Lililo nje unaweza kulitoa kwa kibano. Lililo ndani ya sikio usiliguse, mlete kwa daktari siku hiyo hiyo. Kila mnaporudi kaa naye kibarazani, upitishe vidole baina ya kucha zake zote, chini ya mapaja, kwapani, nyuma ya masikio. Utakuta na kupe humo humo, nao uwatoe kwa kibano kwa kuwavuta taratibu, bila mafuta ya taa wala moto wa sigara kama tulivyozoea kuona nyumbani.

La pili ni joto. Watu husikia milima ya Sierra Nevada na theluji yake wakadhani wanakwenda kwenye baridi. Kijiji cha Capileira, kilicho zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hupata upepo wa mlima kweli. Órgiva iko chini bondeni, karibu mita 450, na mwezi wa Juni hewa husimama. Hispania hii ndiyo iliyopima nyuzijoto 47.6 huko La Rambla, mkoani Córdoba, tarehe 14 Agosti 2021. Wewe mzaliwa wa Tanga utasema joto unalijua. Unalijua la mtu anayetoka jasho mwili mzima. Mbwa hupoza mwili wake karibu wote kwa kuhema, na mastín amevaa koti ambalo hawezi kulivua. Mbwa aliyezidiwa huhema kwa ulimi mpana usiorudi ndani, ufizi huwa mwekundu sana, mate huwa mazito, kisha hupepesuka. Mloweshe papo hapo kwa maji ya baridi ya bomba, tumboni, mapajani na shingoni, umpepee, na baada ya kuanza kumpoza ndipo umpakie garini huku vioo viko wazi au kipoza hewa kinafanya kazi. Usimfunike kwa taulo lenye maji likabaki mgongoni, kwa kuwa hugeuka blanketi. Na garini asiachwe peke yake hata dakika tano.

Hapa linatokea jambo linalogongana, nami nitakueleza ninavyolitatua. Joto linakutaka utembee nao jioni sana. Usubi unakutaka usitoke jioni. Huo usubi, mdudu mdogo kuliko mbu asiyetoa mlio, huanza kuuma machweo mpaka alfajiri, kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba hivi, na ndio unaoeneza lishmania, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Baringo na Turkana wanaujua kwa jina la kala-azar. Aina ya vimelea vya huku si ile ya kwao. Ya huku hujihifadhi hasa ndani ya mbwa, humdhoofisha polepole kwa vidonda, kukonda na kuharibika figo, na kumponya kabisa ni vigumu. Kwa hiyo matembezi marefu yafanyike mara jua linapochomoza, ambalo mwezi wa Juni ni karibu saa 1 asubuhi, na ya jioni yawe mafupi, kivulini, yakamilike kabla jua halijazama. Usishangae kwamba jua la Granada mwezi huo huzama baada ya saa 3 usiku. Mbwa mzee na podenco walale ndani, madirisha yakiwa na wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua cha kawaida. Mastín atalala nje kwa sababu ndiyo kazi yake, hivyo lazima avae kola ya deltamethrini au dawa nyingine ya kufukuza usubi aliyoagiza daktari, na iwe imevalishwa angalau wiki moja kabla hujafika ili nguvu yake iwe imekwisha kusambaa. Uulize ilivalishwa lini. Kola iliyokwisha muda wake ni pambo tu.

Maji ya shamba hilo yatakuhusu. Eneo la Alpujarra, ambamo Órgiva imo, bado linamwagiliwa kwa mifereji iliyochimbwa zama za Waislamu wa Andalusia, na utayasikia maneno yao: mfereji ni acequia, na hodhi la kukusanyia maji ni alberca, neno lililotoka katika Kiarabu kilekile kilichotupatia sisi birika. Inawezekana wenyeji wako wana zamu ya maji katika chama cha wamwagiliaji, na zamu haijali usingizi. Ikiwa ni saa 9 usiku, utatakiwa ufungue kilango cha mfereji saa 9 usiku, la sivyo mizeituni ya kwao itasubiri hadi zamu nyingine. Hilo hodhi lichunguze siku ya kwanza. Kuta zake huwa laini na wima, na mbwa akiingia kujipoza hawezi kupanda. Huogelea mpaka achoke. Ubao mpana wenye vipande vya mbao vilivyopigiliwa kwa kukingama, ukiwa umelazwa kutoka ndani ya maji hadi ukingoni, umetosha kuokoa mbwa wengi. Mtungi wa gesi, pampu, betri za umeme wa jua na shimo la maji machafu ni mambo ya kuonyeshwa mara moja na kuandikwa.

Moto usiuchukulie kwa wepesi. Katika Andalucía kipindi cha hatari kubwa huanza tarehe 1 Juni hadi 15 Oktoba, na ndani yake kuwasha moto au kuchoma taka katika ardhi ya misitu na ukanda wa mita 400 unaoizunguka ni marufuku. Nyumba yenu karibu hakika imo ndani ya ukanda huo. Kamba tatu za mbwa, vitabu vyao vya chanjo, dawa za mzee na funguo za gari ziwe mahali pamoja karibu na mlango, usiku na mchana. Namba ya dharura ni 112 kwa mambo yote. Uijue anwani ya nyumba kwa namna ambayo zimamoto wataielewa, maana nyumba nyingi za kule hazina mtaa. Andika jina la njia, kilomita yake, na alama za ramani zilizo kwenye simu yako.

Kuhusu sheria, kibali chako cha ukaazi cha Ujerumani, kikiwa hai pamoja na pasipoti, kinakuruhusu kukaa Hispania hadi siku 90 katika kila siku 180, kwa hiyo wiki sita zako hazina tatizo. Hakikupi ruhusa ya kufanya kazi huko. Usipokee malipo, hata "kidogo tu cha kukushukuru", na ubebe barua ya wenyeji inayosema kwamba wewe ni rafiki mgeni wao nyumbani kwao. Msomaji aliyeko Mombasa au Kampala asidhani mpango huu unamfaa vivyo hivyo. Yeye anahitaji viza, na anayefikia nyumba ya mtu binafsi huombwa barua rasmi ya mwaliko ambayo mwenyeji huichukua polisi. Kwa upande wa mbwa, sheria ya ustawi wa wanyama namba 7 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika tarehe 29 Septemba mwaka huo, inakataza mbwa kuachwa bila uangalizi kwa zaidi ya saa 24 mfululizo, hivyo safari ya kulala Sevilla haimo katika ratiba yako isipokuwa umpate mtu. Aidha kifungu cha 1905 cha Kanuni ya Madai ya Hispania kinamtwika anayemshikilia mnyama dhima ya hasara atakayoileta hata kama mnyama huyo ametoroka, na kwa wiki sita anayemshikilia huenda akawa wewe. Podenco akivuka barabara na kusababisha ajali, swali la kwanza litakuwa la bima. Omba uone kwa macho yako kwamba bima ya nyumba yao inagharamia hasara inayoletwa na mbwa wakiwa chini ya mtu mwingine, na kwamba bima ya gari lao inakuruhusu uliendeshe. Bila gari usikubali. Kutoka Órgiva hadi Granada ni zaidi ya kilomita 50 za barabara yenye kona, na usiku huwezi kutegemea kupata teksi itakayopakia mbwa wa kilo 70.

Umeuliza juu ya swala, na ninalichukua kama swali la kazi, si la pembeni. Hukumu muulize sheikh wako, maana mimi ni tabibu. Ninachojua ni kwamba wengi wetu wa pwani tunafuata madhehebu ya Shafi, yanayohesabu umajimaji wa mbwa kuwa najisi ya kuoshwa mara saba, moja wapo kwa udongo. Madhehebu ya Maliki, ambayo ndiyo yaliyotawala Andalusia ya kale, humhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara, si najisi. Kiutendaji, waambie wenyeji mapema, bila haya, kwamba unahitaji chumba kimoja ambacho mbwa hawajawahi kuingia na hawataingia, chenye mlango unaofunga, na mswala wako na nguo zako za swala zikae humo. Kwa kazi za mbwa uwe na vazi moja la juu na viatu vya kubaki nje. Familia yenye adabu haitaona ajabu. Wakiona ajabu, umejua mapema kwamba hawakufai.

Nimemwacha yule mzee mwisho kwa sababu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Mbwa wa miaka 13 anaweza kufa katika wiki hizo sita hata akitunzwa na mikono bora duniani, na joto la Juni halimsaidii. Usikubali jambo hilo liachwe bila kusemwa eti kwa sababu ni zito. Waulize, mkiwa mmekaa mezani na daftari liko wazi: akishindwa kusimama, mnataka nifanye nini? Apasuliwe, au asipasuliwe? Matibabu yasizidi euro ngapi bila kuwapigia? Mkiwa ndegeni hampatikani na daktari akasema kwamba anateseka na hakuna tiba, nani anayeruhusiwa kuamua alazwe usingizi wa mwisho? Na akifariki, mnataka majivu yake? Sheria haikuruhusu kumchimbia kaburi chini ya mzeituni kwa uamuzi wako. Daktari ndiye atakayepanga achomwe au azikwe na kampuni iliyoidhinishwa na kufuta usajili wa chipu yake. Nimewahi kukaa usiku kucha na mwangalizi mmoja kijana, mbwa akiwa sakafuni anahema kwa shida, simu ya wenye mbwa imezimwa, na mimi siwezi kumpa mnyama yule nafuu aliyoihitaji kwa sababu hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuniambia ndiyo. Majibu hayo yaandikwe barua, waisaini wote wawili, nakala moja ibaki kwa daktari wao wa wanyama pamoja na namba ya kadi au dhamana ya malipo, na nyingine iwe mkononi mwako kabla gari lao halijatoka langoni.